Tuzo Ziende Vijijini

Mimi naona yafaa vyuo vikuu vyetu viweke tuzo kwa viongozi vijana wa vijiji na mitaa, wala si kwa wenye vyeo peke yao.

Mtazameni Rebeca Gyumi. Alisoma sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kisha akavipinga mahakamani vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 2019. Umoja wa Mataifa ulimtuza mwaka 2018. Je, sharti sifa ivuke bahari ndipo tuione?

Wengine watasema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sisi wa Njombe twaujua ulanzi, nasi twajibu: asifiwe baada ya kibuyu kuonjwa. Basi wachaguzi wasitosheke na barua za Kiingereza kizuri. Waje Makambako, reli ya TAZARA inapokutana na barabara ya Songea, wawaulize akina mama wa sokoni ni kijana gani asuluhishaye ugomvi, na ni nani afundishaye watoto jioni bila malipo.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, wengi wetu tutarudi makwetu baada ya mtihani. Chuo kikuu kikimheshimu kijana wa kijijini, kila mtu atajua kuwa kurudi nyumbani si kushindwa.