Hadhira ya studio ipewe kipaza sauti

MTAZAMO WANGU
Na Zuhura Mbwana

Kipindi cha mazungumzo cha Phil Donahue kilipoanza Novemba 6, 1967, mjini Dayton, jimbo la Ohio, Marekani, hakikuwa kimepangiwa hadhira. Waliokuwa wameketi mle studio walikuwa na tiketi za kipindi cha burudani kilichoondolewa ili yeye apate nafasi. Wakaachwa waingie. Mgeni wa kwanza alikuwa Madalyn Murray O'Hair, mwanamke aliyetangaza wazi kwamba hamwamini Mungu, na mtangazaji mwenyewe alikuwa Mkatoliki. Katika siku zile za mwanzo Donahue akagundua jambo: kila matangazo ya biashara yalipoingia, watu wale walimuuliza mgeni maswali mazuri kuliko aliyoyaandaa yeye. Basi akainuka kitini, akachukua kipaza sauti, akawafuata walikokaa. Aliendelea kupita katikati ya viti mpaka mwaka 1996. Alipofariki Agosti 2024, akiwa na umri wa miaka 88, mtindo wake ulikuwa umeenea nchi nyingi.

Kwetu viti vimefika, ila kipaza sauti bado kimeng'ang'aniwa jukwaani.

Hivi karibuni nilikuwa miongoni mwa watazamaji katika kituo kimoja cha televisheni hapa Dar es Salaam. Ulikuwa mjadala wa mubashara kuhusu mikopo ya kausha damu, ile inayorejeshwa kila siku au kila wiki kwa riba ya kutisha, na ambayo wanawake wa biashara ndogo ndio wanaoijua kuliko mtu yeyote. Tuliambiwa tufike saa kumi jioni, mjadala uanze saa tatu usiku. Getini tukaandikwa majina, tukaacha vitambulisho, tukazima simu. Waliovaa nguo za mistari myembamba walipelekwa viti vya nyuma, maana mistari ya namna hiyo hucheza kwenye kamera ikamsumbua anayetazama nyumbani. Vijana wa chuo walioletwa kwa basi wakapangwa mbele.

Asiyewahi kuingia studio hushangaa jinsi ilivyo ndogo. Ukuta unaoonekana wa fahari ni mbao zilizopakwa rangi, zimeegemezwa kwa vyuma upande wa nyuma. Kiyoyozi kinapuliza baridi kali ili kushindana na joto la taa na mitambo, na baada ya saa nzima mwanamke anatamani khanga ya kujitanda. Msimamizi wa studio alitufundisha kupiga makofi: akiinua mkono tupige, akikunja ngumi tunyamaze. Kamera zikatupiga tukicheka na kutikisa vichwa kabla mgeni hata mmoja hajaketi, kwa ajili ya tangazo la kipindi na marudio yake.

Sina ugomvi na hayo. Televisheni ina dakika zake na ina watu wengi wa kuongoza kwa ishara, na yule msimamizi aliifanya kazi yake kwa ustadi na upole. Ugomvi wangu unaanzia kwa jirani yangu wa kiti, mama lishe aliyekuwa amekwisha kuumizwa na mikopo hiyo. Tukisubiri, aliniambia swali alilolileta kutoka nyumbani: "Dada yangu, mimi nilisaini karatasi, nakala sikupewa. Sasa nikitaka kushtaki, naenda polisi na nini mkononi?"

Jukwaani walikuwapo mtaalamu wa uchumi, ofisa wa serikali na mwakilishi wa wakopeshaji. Walizungumzia elimu ya fedha, leseni, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018. Walisema ya kweli, na mengine nilijifunza. Lakini hakuna aliyeigusa karatasi ile ambayo mkopaji hapewi. Mtangazaji naye hakuuliza. Angejuaje? Swali kama lile humjia aliyewahi kusaini amesimama barazani, mtoto mgongoni, anayemkopesha akimharakisha.

Mapumziko ya matangazo yalipofika, kijana mmoja wa kipindi alipita kwenye viti akigawa vikaratasi. Akamwambia jirani yangu, "Mama, wewe utasoma hili." Kilikuwa kimeandikwa swali la jumla kuhusu wananchi wafanye nini kuepuka mikopo yenye riba kubwa. Mama akamweleza kwamba ana la kwake. Kijana akamjibu kwa adabu kwamba maswali yamekwisha kupitishwa. Taa zikawaka, mama akasimama, akasoma alichopewa, akakwama njiani, akarudia mstari, akaketi. Waliokuwa nyumbani walimwona mwanamke asiyejua anachouliza.

Hilo liliniuma, na linaniuma hadi leo. Mtu anayeijua adha hiyo katika mwili wake alitumiwa kama mdomo wa swali ambalo hakulihitaji. Ofisa wa serikali akalijibu kwa maneno anayoyasema kila mahali, akaondoka bila kuulizwa jambo ambalo pengine angeweza kulishughulikia kesho yake ofisini. Makofi yakapigwa, maana mkono uliinuliwa. Kukodi makofi si jambo jipya duniani: Paris ilikuwa na ofisi ya kukodisha wapiga makofi wa majumba ya maigizo tangu mwaka 1820. Lakini wale walijua wamekodiwa na wakalipwa ujira wao. Mama yule alikuja akiamini ameitwa kuzungumza.

Watayarishaji nawaelewa hofu yao. Mtu akishika kipaza sauti hewani anaweza kutukana, au kumtaja fulani kwa jina na kumzushia wizi, na anayebanwa baadaye ni kituo. Hofu hiyo ina mashiko hapa nchini. Januari 2018 Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ilivitoza vituo vitano vya televisheni faini ya jumla ya Sh60 milioni kwa kurusha taarifa ya Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kuhusu uchaguzi mdogo. Mhariri aliyeyaona hayo hulala akiwaza leseni. Mimi nasema hofu hiyo ina dawa nyingine, na wenzetu wameitumia miaka mingi.

BBC ya Uingereza inacho kipindi cha Question Time tangu Septemba 1979. Anayetaka kuhudhuria huomba nafasi, na wahariri huchagua watu wenye misimamo tofauti ya kisiasa. Watu huandika maswali yao wenyewe, wahariri wakachagua yatakayoulizwa, na aliyeliandika swali ndiye anayesimama kuliuliza. Wanasiasa walio mezani hawaonyeshwi maswali hayo mapema. Kwa kawaida kipindi hurekodiwa jioni ile ile, muda kidogo kabla ya kurushwa, hivyo tusi likitoka linaweza kukatwa. Mhariri anachuja, naam, lakini anachuja maswali ya watu, hawatungii.

Atakayesema hayo ni ya Wazungu na atazame jirani. Kuanzia mwaka 2012 Sema Kenya, kipindi kilichotayarishwa na BBC Media Action na kuongozwa na Joseph Warungu, kilizunguka kaunti za Kenya na kuwaweka viongozi mbele ya wananchi wao. Lugha ilikuwa Kiswahili. Televisheni ya KBC ilikirusha na Idhaa ya Kiswahili ya BBC ikakitangaza redioni. Hakuna kilichowashinda Wakenya hao wa kawaida kushika kipaza sauti na kumuuliza kiongozi maswali ya mahali wanapoishi. Nami siamini kwamba Mtanzania anayeweza kumbana mwenyekiti wa mtaa kwenye mkutano wa hadhara hawezi kumbana ofisa studio.

Ipo pia njia rahisi kuliko zote, isiyohitaji fedha wala mitambo mipya. Hadhira hufika saa kadhaa kabla ya kipindi, ikakaa ikisubiri bila kazi. Muda huo mtayarishaji mmoja mwenye daftari angeweza kupita kwa kila mtu na kuuliza: wewe, kilichokuleta hapa ni nini? Angemkuta mama lishe. Angelisikia swali lake, akampa ushauri wa kutomtaja mkopeshaji kwa jina, akahakikisha analiuliza kwa maneno yake, akampangia nafasi ya kwanza. Kituo kingekuwa salama na mjadala ungekuwa na uhai. Mtangazaji naye asiyaachie maswali ya watu dakika tano za mwisho, wakati macho yake yako kwenye saa. Mjadala wa saa moja uwape waliokaa vitini walau theluthi ya muda huo, na muulizaji aruhusiwe kurudi na swali la pili akipewa jibu la kukwepa. Kwa kawaida kwenye hilo la pili ndipo ofisa anapolazimika kusema jambo ambalo hakuja amejiandaa kulisema.

Vyuo vinavyopeleka wanafunzi kwa mabasi navyo vina sehemu yao. Mwanafunzi wa sheria au uandishi wa habari anayepelekwa studio ajaze kiti, apewe nauli na soda, arudi bwenini bila kufungua mdomo, amefundishwa nini? Mwalimu wake na ampatie mada siku chache kabla, aisome, aende na maswali.

Nawe msomaji, ukialikwa studio, nenda. Vaa nguo ya rangi moja, chukua kitu cha kujifunika, na andika swali lako nyumbani kwa sentensi mbili. Mweleze mtayarishaji mapema kwamba unalo. Ukipewa kikaratasi chenye swali la mtu mwingine, kirudishe kwa heshima, useme hukuja kusoma.