Mkenya riyali 900, Mfilipino 1,500: bei ya kadama nani kaipanga?

Wewe uliyebakisha dakika tano za saiba, soma haraka haraka.

Habari za kadama wa Saudia tumezisoma mpaka machozi yamekauka: dada kachomwa, dada kafungiwa, dada karudi ndani ya sanduku. Tunalia, tunatoa pole, kesho ejenti anabandika tangazo jipya pale pale na watu wanapanga foleni. Leo naomba tuache kulia kidogo tupige hesabu.

Mei 2025 Amnesty International walitoa ripoti baada ya kuongea na Wakenya zaidi ya 70 waliofanya kazi za nyumbani Saudia. Mshahara kwa wastani ni riyali 900 kwa mwezi, yaani dola 240. Wengi walikuwa wanafanya kazi zaidi ya saa 16 kwa siku bila siku ya kupumzika. Gawanya mwenyewe: saa 16 mara siku 30 ni saa 480. Inatoka nusu dola kwa saa, kama shilingi 65 hivi. Hapa Mombasa hiyo ni chai na mahamri, basi.

Sasa nenda nyumba ya pili kwa Mfilipino. Ufagio ni ule ule, na watoto wa kubeba ni wale wale. Mwaka 2006 serikali ya Ufilipino ilikata shauri kuwa mfanyakazi wake wa nyumbani haendi nje kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Hizo ni riyali 1,500. Tena ejenti haruhusiwi kumtoza yeye ada ya kumpeleka. Kuna wanaosema eti ni sababu ya Kiingereza. Hapo sikubali, Kiingereza Wakenya tunacho, wengine tunacho kuliko hata Kiswahili. Tofauti ni nani alikaa kikao na wenyeji kabla huyo dada hajapanda ndege, na alikwenda kudai nini.

Na usidhani mwajiri analipa kidogo. Kufikia 2024 serikali ya Saudia ilikuwa imeweka kiwango cha juu ambacho ofisi inaweza kumtoza mwajiri kwa kumletea mtu: Mfilipino riyali 14,700, Mkenya 9,000, Mganda 8,300, Muethiopia 5,900. Kila taifa na bei yake, kama samaki pale sokoni! Hiyo 9,000 ni mshahara wa Mkenya wa miezi 10. Ndiyo maana kadama akiomba kupumzika anaambiwa "nimekununua". Madam anarudia tu kile risiti yake ilichomwambia.

Juu ya hapo weka kafala. Kibali chako cha kukaa kimefungwa kwa kafili wako. Ukikimbia, hata kama umekimbia kipigo, akikuripoti unaitwa hurub, mtoro, na anayetafutwa ni wewe. Machi 2021 Saudia ilianza kuwaruhusu wafanyakazi wa makampuni kuhama mwajiri, wa majumbani wakaachwa nje. Oktoba 2024 zikaanza kanuni za wa majumbani: kazi isizidi saa 10, siku moja ya mapumziko kwa wiki, mwajiri asishike paspoti. Kanuni nzuri, sikatai. Lakini nani atabisha hodi nyumbani kwa mtu kwenda kuhesabu masaa?

Serikali yetu nayo ni kufunga na kufungua tu. 2012 marufuku. 2014 marufuku tena, na leseni za maejenti 930 zikafutwa. 2017 ikafungua. Wakati mlango umefungwa madada walipitia nchi jirani, ubalozi haujui hata wako wapi. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliwaambia wabunge kuwa Wakenya 89 wamefia Saudia katika kama miaka miwili, wengi wakiandikiwa kuwa moyo ulisimama. Katibu wa wizara mwenyewe alisema haiwezekani. Machi 2025 gazeti la New York Times likahesabu wasiopungua 274 kwa miaka mitano.

Wafilipino nao wanaumizwa, tusidanganyane. Februari 2018 mwili wa mmoja wao ulikutwa ndani ya friza huko Kuwait. Manila ikazuia watu wake kwenda, lakini haikuishia hapo. Mei mwaka huo huo ikasaini mkataba na Kuwait kuhusu paspoti, simu na siku ya kupumzika, ndipo ikafungua. Ile marufuku ilikuwa ya kuivuta Kuwait kwenye kikao. Yetu ilikuwa ya kuyatuliza magazeti.

Kwa nini Nairobi haibani hivyo? New York Times hao hao waliandika kuwa wapo wanasiasa na maofisa wa Kenya na Uganda wenye makampuni ya kupeleka wafanyakazi. Yaani tunayemtuma akadai mshahara wa dada ndiye anayelipwa kwa kila kichwa kinachosafiri.

Wao watajitetea kuwa tukidai 1,500, Saudia itamchukua Muethiopia. Hoja hiyo ina uzito wake. Lakini basi si Kenya, Uganda, Ethiopia na Tanzania wakae wakubaliane kima kimoja cha chini? Mikutano ya marais haijawahi kuisha, hili tu ndilo linalokosa nafasi.

Wewe unayesafiri mwezi ujao, piga picha kandarasi na paspoti, mtumie mamako na mtu mwingine mmoja. Ejenti asiyekuachia nakala, muachie kazi yake.

Na nyie mliorudi: kandarasi ilisema riyali ngapi, na mkononi zilifika ngapi? Andikeni hapo chini. Majina wekeni ya bandia.