Ami, mjomba au 'anko'?

Familia nyingi za Muscat zenye asili ya Zanzibar zingali zikizungumza Kiswahili. Baadhi zilihama baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964; nyingine ziliitikia mwito wa Sultan Qaboos, aliyeshika madaraka mwaka 1970.

Leo ndugu wa pande hizo mbili huwasiliana kwa simu, na katika ujumbe mfupi majina ya ukoo hufupishwa. Baba mdogo akiandikwa 'bamdogo', udugu wake bado wajulikana. Lakini 'anko' humeza ami na mjomba kwa pamoja. Katika mirathi ya Kiislamu tofauti hiyo ni nzito: ami huweza kurithi akiwa asaba, ilhali mjomba si asaba. Kijana anayeijua Unguja kupitia simu tu atahitaji kuuliza: anko wa upande gani?