Muhuri Si Ushahidi wa Nasaba

Hoja kwamba nasaba ya ukoo wa Kiingereza iliyosajiliwa na maofisa wa nembo, yaani watumishi wa mfalme waliozunguka kaunti kati ya 1530 na 1688 kukagua haki ya familia kutumia nembo, ishinde daftari la parokia haina mashiko, kwa kuwa mara nyingi maofisa hao waliandika walichosimuliwa na wenye nyumba, ambao walikuwa na sababu ya kujikweza. Daftari la parokia, yaani kitabu cha kanisa cha ubatizo, ndoa na maziko kilichoamriwa na waziri wa mfalme Thomas Cromwell mwaka 1538, lilikusudiwa kujazwa karibu na tukio lenyewe. Hata migongano yake mingine ni ya kalenda tu: hadi 1751 mwaka ulianza Machi 25, hivyo ndoa ya Juni 1640 hutangulia ubatizo wa Februari 1640, ambao kwa hesabu ya leo ni wa 1641. Asiyelijua hilo hulaumu daftari bure.