Ujuzi Ufichwao Huua Chama

Wako watu wadhanio kuwa chama kidogo cha kijijini hufa kwa uhaba wa fedha tu. Dhana hii yapendeza, maana humwondolea kila mtu lawama, lakini haitoshi. Viko vyama vilivyopewa fedha vikafa, na viko vilivyoanza mikono mitupu vikaishi. Katika chama kiishicho, wanachama hufundishana. Katika chama kifacho, ujuzi hukaa kichwani mwa mtu mmoja, naye aondokapo huondoka nao.

Tazama, msomaji, mfano wa nchi yetu. Tarehe 5 Juni 1977, Wangari Maathai na wenzake walipanda miti saba katika bustani ya Kamukunji, Nairobi. Miwili tu ndiyo iliyosalia. Hivyo ndivyo ilivyoanza kazi iliyokuja kuitwa Green Belt Movement. Wanawake wa mashambani walipotaka kuotesha miche, waliletewa mabwana misitu wawafundishe. Mafundisho yakawa mazito, yamejaa habari za mwinamo wa ardhi, kina cha udongo na vifaa wasivyokuwa navyo. Basi wakatumia akili ile ile waoteshayo mahindi na maharagwe. Waliokota mbegu chini ya miti ya kwao, wakazipanda hata katika vigae vya vyungu. Aliyefaulu alimwonyesha mwenziwe, na kundi moja likalifundisha jingine. Malipo yalikuwa madogo, tena yalitolewa kwa mche uliopona. Maathai alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Alifariki mwaka 2011, na kazi haikufa naye.

Pengine utaniuliza: wasiosoma wakifundishana, je, hawatazidisha ujinga? Hasha! Mbegu isiyoota humsahihisha mwalimu upesi kuliko mkaguzi yeyote. Sisemi kuwa mtaalamu hana faida. Anayo, na kubwa. Lakini yampasa asikilize kabla ya kusema, kwa kuwa akili ni nywele, kila mtu ana zake. Amwonaye mkulima kuwa debe tupu la kujazwa maarifa, ataondoka na maarifa yake kama alivyokuja nayo.

Neno hili lakuhusu wewe hasa. Darasani umezoea kufunika daftari lako kwa mkono ili jirani asione. Katika mtihani hiyo ni haki. Kijijini ni sumu. Utakaporudi kwenu na cheti chako, watu watakufanya katibu wa chama cha maji au cha akiba, kwa kuwa wajua kuandika. Utasifiwa, nawe utaona raha kuwa wewe peke yako ndiwe ujuaye hesabu. Jihadhari na raha hiyo. Siku utakapopata kazi mjini, chama kitabaki na vitabu visivyo msomaji, na wenzako watatiliana shaka juu ya kila shilingi. Basi mwaka wako wa kwanza usiishe kabla hujawafundisha wawili kuandika hesabu zile, na kuwaacha wazikague zako.