Jukwaa Si Burudani Tupu

Tamthilia ya jukwaani huhesabiwa na wengi kuwa burudani tupu: watu huketi, hucheka, hurudi nyumbani, na siasa hubaki pale pale ilipokuwa. Dhana hiyo ni potofu, na shahidi mkubwa dhidi yake ni serikali.

Mwaka 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa riwaya ya Petals of Blood, inayowachana vikali matajiri waliokalia viti vya wakoloni. Aliyeizindua hadharani ni Mwai Kibaki, waziri wa fedha wa Kenya wakati huo. Oktoba mwaka huo huo, wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, wakaanza kuigiza Ngaahika Ndeenda, igizo ambalo Ngũgĩ wa Thiong'o aliliandika pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Shutuma zilikuwa zile zile. Novemba kibali cha igizo kikafutwa, na Desemba ilipoisha Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini bila mashtaka.

Riwaya ilikuwa ya Kiingereza, ya kusomwa na mtu mmoja mmoja. Igizo lilikuwa la Kikuyu, na lilichezwa uwanjani. Ndani ya igizo hilo, mhusika Kiguunda ana ekari moja na nusu na hati yake ya kumiliki ardhi. Tajiri Kioi anamshawishi afunge ndoa kanisani. Harusi inataka fedha, fedha zinatoka benki, shamba linawekwa rehani na hatimaye linakwenda. Kwa wakulima na vibarua wa Limuru, hilo lilikuwa onyo lisilohitaji mfasiri. Tena anayecheka peke yake na kitabu hajui kama jirani naye anacheka, uwanjani anamsikia.

Wapo wanaosema onyo hilo halikuokoa shamba hata moja. Huko ni kumtwika mwigizaji kazi ya bunge.

Eti siku hizi simu imechukua nafasi ya jukwaa. Lakini Aprili 2025, shule ya wasichana ya Butere ilipeleka Echoes of War, igizo la Cleophas Malala kuhusu vijana wanaowahoji watawala, kwenye tamasha la kitaifa la drama Nakuru. Igizo lilikuwa limezuiwa hadi Mahakama Kuu ikaamuru lichezwe. Polisi wakarusha mabomu ya machozi kutawanya umma na wanahabari. Ndani ya ukumbi wasichana hawakumkuta mwelekezi wao, mapambo ya jukwaa wala hadhira. Wakaimba wimbo wa taifa, wakatoka. Kucheza waliruhusiwa. Waliozuiwa ni watazamaji.