Nidhamu Uwanjani Wafundishwe Wakubwa

Kila mwaka, kuanzia ngazi za chini hadi taifa, ufunguzi wa UMITASHUMTA na UMISSETA, mashindano ya shule za msingi na sekondari Tanzania, huwa na hotuba moja. Wanamichezo wawe na nidhamu. Wawaheshimu waamuzi. Wakubali matokeo, kwani asiyekubali kushindwa si mshindani. Watoto wanaisikiliza wakiwa wamepanga mistari juani, saa tano kasoro, baada ya kuwa uwanjani tangu saa moja asubuhi kwa sababu ratiba ilisema mgeni rasmi atafika saa mbili. Anayewausia nidhamu ndiye aliyewachelewesha, na hakuna anayethubutu kulisema hilo kwenye kipaza sauti.

Nyuma ya hotuba hiyo kuna imani ambayo wengi wetu tunayo na hatujawahi kuihoji: kwamba adabu michezoni ni somo la watoto, na sisi wakubwa ndio walimu wake. Samaki mkunje angali mbichi. Mimi naipinga imani hii yote. Ukiorodhesha maovu yanayoharibu michezo ya watoto nchini, utahangaika sana kupata hata moja lililoanzishwa na mtoto.

Watazame watoto wenyewe wakicheza chandimu jioni, pasipo mtu mzima. Magoli ni ndala nne. Wanachaguana mmoja mmoja, na upande wenye jitu kubwa unapunguziwa mtu ili nguvu zilingane. Mpira ukipita juu ya ndala unazuka ubishi mkali, matusi yanatoka, halafu mmoja anasema pigeni tena, na mchezo unaendelea. Sisemi ni malaika. Mwenye mpira akifungwa sana huondoka nao. Lakini hakuna refa, hakuna kamati ya rufaa, na kesho yake wote wamerudi palepale.

Sasa mlete mtu mzima. Chukua suala la mamluki, yaani mchezaji asiye mwanafunzi halali wa shule anayoichezea, ugonjwa sugu wa mashindano ya shule. Mamluki hajileti. Hana nauli, hana jezi, hajui hata shule anayoichezea ina madarasa mangapi. Anafuatwa na mwalimu wa michezo, mara nyingine kwa baraka za mkuu wa shule, na wapo maofisa wanaojua na kunyamaza kwa kuwa wilaya nayo inalitaka kombe. Halafu kinafuata kipindi ambacho hakimo kwenye mtaala wowote. Ndani ya basi, kijana aliyekwishamaliza darasa la saba anakaririshwa maisha ya mtoto mwingine. Jina lako sasa ni hili. Uko darasa la sita B. Mwalimu wako wa darasa ni fulani. Ukiulizwa mwaka wa kuzaliwa usianze kuhesabu vidole, taja tu. Wenzake waliokaa viti vya nyuma wanasikia yote, na wanajua kwamba kwenye uhakiki watatakiwa kumwita kwa jina hilo bila kucheka.

Yuko pia mtoto ambaye hayumo kwenye basi. Alifanya mazoezi muhula mzima, mama yake akamnunulia viatu kwa pesa ya vitumbua, na siku ya safari jina lake limesafiri bila yeye. Huyo ndiye tunamhubiria kukubali matokeo?

Mambo haya hayaishii wilayani. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, ilishapata nafasi ya kucheza fainali za Afrika kule Gambia, ikaondolewa kwa kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2017 upepo ukageuka: Kongo Brazzaville ilishindwa kumfikisha mchezaji wake kwenye kipimo cha umri, ikatolewa, na sisi tukaenda Gabon badala yake. Tukashangilia, bila kukumbuka ya 2005. Mwaka 2018 Zanzibar ilirudishwa nyumbani kutoka mashindano ya vijana ya CECAFA, ya Afrika Mashariki na Kati, kule Burundi kwa sababu ya umri. Mwaka 2019 fainali za Afrika zilifanyika hapahapa Dar es Salaam, Guinea ikafika hadi mechi ya mwisho, kisha ikabainika kuwa wachezaji wake wawili walikuwa na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japani. Timu nzima ikaikosa safari ya Kombe la Dunia Brazil, na nafasi yake ikachukuliwa na Senegal.

FIFA ilipoanza mwaka 2009 kuwapima vijana kifundo cha mkono kwa MRI kwenye fainali zake za chini ya miaka 17, haikuwa kwa sababu watoto wa dunia wamekuwa waongo. Mtoto hatoi cheti cha kuzaliwa. Hana mhuri.

Nenda pia kwenye viwanja vya akademia za mijini Jumamosi asubuhi, ambako mzazi amelipa ada na anataka kuuona mrejesho wake kabla ya saa sita. Watoto wana miaka tisa. Baba mmoja anatembea na mstari wa pembeni sambamba na mwanawe, simu mkononi: piga, toa, rudi, mvunje huyo! Kocha naye anapaza lake. Mtoto akipokea mpira, jambo la kwanza anatazama benchi, la pili anamtazama baba, na la tatu anagundua mpira umeshachukuliwa. Refa, kijana anayejifunza kazi kwa posho ya nauli, anaulizwa amekula shilingi ngapi. Wosia wa kumheshimu mwamuzi wanapewa wale wa miaka tisa.

Na viboko je? Kanuni zetu za elimu zinasema viboko shuleni vinatolewa na mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua, visizidi vinne, na viandikwe kwenye daftari. Nitafurahi kuonyeshwa daftari lililoandikwa: viboko vinne, kosa, kukosa penalti. Uwanja wa mazoezi umegeuzwa mahali ambapo kanuni hiyo haifiki, na tunaita hali hiyo kumjenga mchezaji.

Najua jibu linalonisubiri. Tutaambiwa ukali ndio uliotukuza, na ulegevu hauzai mabingwa. Basi twende Iten, nchini Kenya. Bruda Colm O'Connell alifika shule ya St. Patrick's mwaka 1976 kufundisha jiografia, akiwa hajui ukocha wa riadha. Mtu huyu mpole, wa kukaa pembeni na kuangalia, ndiye aliyemlea David Rudisha, aliyekimbia mita 800 London mwaka 2012 kwa dakika 1:40.91, rekodi ya dunia hadi leo. Au tazama Norway, nchi ambayo watu wake wote wanakaribia kulingana na wakazi wa mkoa wa Dar es Salaam. Tangu 1987 ina kanuni za michezo ya watoto: wadogo hawawekewi msimamo wa ligi, na mtoto hapelekwi kwenye ubingwa wa taifa kabla ya mwaka anaotimiza 13. Kanuni hizo zinawafunga mikono makocha, wazazi na vyama. Kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya Beijing mwaka 2022, Norway ilichukua dhahabu 16, idadi ambayo hakuna nchi iliyowahi kuifikia katika mashindano hayo kabla yake.

Kinachonikera kuliko vyote ni namna tunavyogawa adhabu. Timu ikikutwa na mamluki, inatolewa. Watoto kumi na watano waliosajiliwa kihalali wanakunja jezi zao na kusubiri usafiri, wengine wakilia. Mwalimu aliyepanga njama anarudi shuleni, na mwaka unaofuata anaonekana tena na kipyenga shingoni. Yule kijana aliyekaririshwa jina anazomewa kama mwizi, kana kwamba fomu aliijaza yeye. Kwa utaratibu huu, mtoto ndiye anayedanganywa, ndiye anayetumiwa, na ndiye anayelipa.

Wenye mashindano wana uwezo wa kubadili hilo kwa mistari michache kwenye kanuni zao. Mamluki akibainika, aondolewe yeye kimya kimya na jina lake lisisomwe hadharani. Aliyemleta asimamishwe kusimamia timu yoyote ya watoto, na mkuu wa shule aliyeweka mhuri ajieleze kwa mwajiri wake. Kocha anayechapa na mzazi anayemtukana refa watolewe nje ya uwanja papo hapo. Watoto waliobaki wapewe mpira, wacheze mechi yao.